Riwaya za Anga kwa Mcheza Mikakati: Mwongozo wa Kuchagua na Kusoma

Michezo ya mikakati ya anga ni michezo ya kompyuta, na wakati mwingine ya mezani, ambamo mchezaji hukabidhiwa sayari moja na watu wake, akatakiwa kupeleleza nyota za jirani, kuanzisha makoloni, kuchimba rasilimali na kuzigawa, kisha kujadiliana au kupigana na dola nyingine zinazozitamani nyota hizohizo. Wachezaji huiita 4X, jina lililoenea baada ya mwandishi Alan Emrich kulitumia mwaka 1993 alipokuwa akiueleza mchezo wa Master of Orion katika jarida la Computer Gaming World, na tarakimu hiyo inahesabu kazi nne ambazo mchezaji hana budi kuzifanya: kupeleleza, kujipanua, kuvuna na kuangamiza. Ukoo huo umezaa michezo mingi tangu wakati huo, ikiwemo Endless Space ya Ufaransa ya mwaka 2012 na Stellaris ya Uswidi ya mwaka 2016, na mezani umekuwapo Twilight Imperium tangu mwaka 1997.

Mchezaji wa michezo hiyo anapotafuta kitabu, mara nyingi huelekezwa kwenye riwaya yoyote yenye manowari nyingi na milipuko mikubwa, na ushauri huo humwangusha kwa sababu kilichomvutia katika mchezo hakikuwa mlipuko bali uamuzi uliotangulia mlipuko. Kipimo bora cha kuchagulia riwaya za bunilizi ya kisayansi, yaani hadithi ndefu zinazojenga ulimwengu wa kuwazika juu ya sayansi inayojulikana au inayodhaniwa, ni kuangalia ni wepesi gani wa mchezo ambao mwandishi ameuondoa. Katika mchezo, mtawala huiona ramani yote kwa mara moja, amri yake hufika papo hapo hata kama nyota iko mbali kiasi gani, sayari iliyotekwa huanza kutoa mapato baada ya zamu chache, na raia ni takwimu pembeni mwa kioo. Riwaya nzuri kwa mchezaji ni ile inayochukua mojawapo ya starehe hizo, ikaiondoa kabisa, kisha ikaonyesha kwa uaminifu ni nini kinachobaki cha ufundi wa kutawala.

Mahali panapofaa zaidi kuanzia, japo orodha za Kiingereza hupasahau, ni Legend of the Galactic Heroes ya Yoshiki Tanaka wa Japani, iliyotoka katika majuzuu kumi makuu kati ya mwaka 1982 na 1987 na kutafsiriwa yote kwa Kiingereza kuanzia mwaka 2016. Ramani yake ingeweza kuwekwa mbele ya mchezaji yeyote bila maelezo: upande mmoja kuna Dola ya Galaksi inayotawaliwa na mfalme na makabaila, upande wa pili kuna Muungano wa Sayari Huru unaochagua viongozi wake kwa kura, na katikati kuna eneo la anga lisilopitika isipokuwa kwa shoroba mbili, mmoja ukilindwa na ngome ya Iserlohn na mwingine ukishikiliwa na Fezzan, himaya ndogo ya wafanyabiashara wanaouza kwa pande zote na kuombea asishinde yeyote. Katika juzuu la kwanza Yang Wen-li, jemadari wa Muungano ambaye angependelea kuwa mwanahistoria, anaitwaa ngome hiyo kwa hila bila kupoteza askari wake, na mchezaji angedhani kwamba vita sasa vimegeuka, kwa kuwa mlango mwembamba umefunguka na adui yuko wazi.

Hapo ndipo Tanaka anapomshinda mbunifu wa michezo. Ushindi huo unawalewesha wanasiasa wa Muungano, ambao uchaguzi uko mlangoni na umaarufu wao umeshuka, nao wanatuma askari wapatao milioni 30 kuivamia Dola wakijiita wakombozi. Jemadari wa Dola, Reinhard von Lohengramm, hapigani nao. Anaondoa chakula chote katika sayari za mpakani na kurudi nyuma, kisha anangoja. Kila sayari inayokombolewa inaleta mamilioni ya watu wenye njaa ambao mkombozi hawezi kuwaacha bila kuuvunja uongo wake mwenyewe, ghala za jeshi zinakauka, misafara ya ugavi inashambuliwa njiani, na kufikia wakati wa mapigano yenyewe matokeo yamekwisha kuamuliwa na hesabu ya nafaka. Ugavi, maana yake kazi ya kuwafikishia askari chakula, mafuta na risasi, katika michezo mingi ni namba ndogo inayopuuzwa. Hapa ndio uti wa mgongo wa kampeni nzima, na msomaji atakayerudi kwenye mchezo wake baada ya sura hizo huenda akaitazama kwa macho mengine sayari aliyoiteka kwa kubofya mara moja. Juzuu hilo linaanza na utangulizi mrefu wa historia ya karne nyingi ulioandikwa kikavu kama kitabu cha shule, na msomaji asiye na subira anaweza kuupitia haraka na kuurudia baadaye, kwa kuwa hadithi yenyewe huanza baada yake.

Anayependa zaidi mapambano ya kikosi kwa kikosi atapata haki yake kwa Jack Campbell, jina la uandishi la John G. Hemry, ofisa mstaafu wa Jeshi la Majini la Marekani. Mfululizo wake wa Lost Fleet, unaoanza na Dauntless ya mwaka 2006, unahusu kikosi kilichonaswa ndani kabisa ya eneo la adui, kikiongozwa na mtu aliyeokotwa baada ya kulala usingizi wa barafu kwa miaka mia moja, na kinacholazimika kuruka kutoka nyota hadi nyota kikipora mafuta na madini njiani. Ubora wake uko katika kuheshimu kasi ya mwanga. Nuru ya jua huchukua zaidi kidogo ya dakika 8 kuifikia dunia, na kwa hiyo manowari iliyo umbali wa saa tano za nuru huonekana kama ilivyokuwa saa tano zilizopita. Jemadari wa Campbell hutoa amri kwa kukisia adui atakuwa wapi, si alipo, na hawezi kujua kama alikisia sawa mpaka muda wa kurekebisha uwe umepita. Pwani ya Afrika Mashariki iliishi chini ya kanuni kama hiyo kwa karne nyingi, pale habari za Maskati zilipofika Unguja kwa majahazi ya kaskazi na jibu lake likalazimika kusubiri kusi, na aliyefanya biashara hapo alijifunza kuamua kwa habari iliyokwisha kuchakaa. Wahusika wa Campbell ni wepesi na mazungumzo yao hujirudia kutoka kitabu hadi kitabu, kwa hiyo vitabu viwili au vitatu vya kwanza kati ya sita vya mfululizo huo wa awali vinatosha kwa anayetafuta mbinu pekee.

Mbali zaidi katika njia hiyohiyo iko The Forever War ya mwaka 1974, ambayo Joe Haldeman aliiandika baada ya kupigana na kujeruhiwa Vietnam, na ambayo ilishinda tuzo kuu mbili za fani hii, Nebula na Hugo. Nadharia ya uhusiano ya Einstein inasema kwamba muda hupita polepole zaidi kwa anayesafiri karibu na kasi ya mwanga, hivyo askari William Mandella anarudi kutoka katika msafara ulio mfupi kwake na kukuta dunia imezeeka kwa miongo, na baadaye kwa karne. Kwa mcheza mikakati jambo la kutisha liko katika utafiti wa silaha: kikosi kinachoondoka na silaha bora kuliko zote kinaweza kumkuta adui anayetoka katika wakati wa mbele zaidi, ambaye watafiti wake walipata miaka mingi ya ziada wakati kikosi kikiwa njiani. Kitabu ni kifupi, na ndicho kinachofaa kwa mtu mwenye wikiendi moja tu.

Kukutana na viumbe wengine kwa mara ya kwanza ndiko jambo ambalo michezo hulirahisisha kupita yote, kwa maana dirisha hufunguka, sura ya kiumbe hutokea, na mchezaji huchagua salamu ya upole au ya kiburi. Riwaya tatu za Liu Cixin wa China, zinazoanza na The Three-Body Problem iliyochapishwa kwanza katika jarida mwaka 2006 na kufuatwa na The Dark Forest mwaka 2008 na Death's End mwaka 2010, ndizo zinazoichukulia salamu hiyo kama uamuzi mzito kuliko vita vyovyote. Kitabu cha kwanza kinaanzia katika Mapinduzi ya Utamaduni mwaka 1967, na kinatumia mchezo wa kompyuta ulio ndani ya hadithi kumfundisha msomaji hali ya sayari inayoyumbishwa na majua matatu. Hakifai kurukwa, kwa sababu bila hicho haieleweki ni kwa nini mtu mwenye akili timamu angewaita wakazi wa sayari hiyo waje duniani.

Kitabu cha pili ndicho ambacho mcheza mikakati atakikumbuka. Kikosi cha wavamizi kitachukua zaidi ya miaka 400 kufika, lakini wametangulia kutuma vyombo vidogo kuliko atomu vinavyovuruga majaribio ya fizikia na kusikiliza kila neno linalosemwa au kuandikwa duniani, jambo ambalo kwa lugha ya mchezo ni sawa na kusema kwamba adui ameufunga mti wa uvumbuzi wa mpinzani wake, ule mpangilio wa teknolojia unaofunguka hatua kwa hatua, na papo hapo akajipa ramani isiyo na giza. Kilichobaki kimefichika ni mawazo yaliyo kichwani mwa mtu, kwa hiyo wanadamu wanawateua watu wanne, wanapewa mamlaka makubwa ya kutumia mali ya dunia bila kueleza sababu, na kila mmoja anatakiwa kupanga mkakati ambao hata washirika wake hawatauelewa. Msomaji aliyewahi kucheza na rafiki anayejua kusoma nia zake ataonja hapa ladha anayoifahamu. Juu ya hayo Liu anajenga nadharia ya misingi miwili, kwamba kila ustaarabu hutaka kwanza kuendelea kuishi, na kwamba staarabu hukua bila kikomo ilhali vitu vilivyomo ulimwenguni haviongezeki, na kutoka hapo anafikia hitimisho ambalo mwongozo huu hautalifichua. Nadharia hiyo inaweza kupingwa, kwa kuwa inadhani viumbe vyote vitafikiri kwa hofu ileile, na kurasa zinazomhusu mwanamke wa ndoto za Luo Ji, mmoja wa wale wanne, ni dhaifu kuliko zote. Hata hivyo sura ya mapambano ya kwanza kati ya vikosi vya dunia na chombo kimoja kidogo cha adui haina mfano katika fani hii.

Kwa maono yaliyo kinyume cha hayo kuna Iain M. Banks wa Scotland, ambaye ustaarabu wake uitwao Culture una mali isiyoisha na unaendeshwa na akili unde, yaani mashine zenye uwezo wa kufikiri, zinazokaa ndani ya vyombo vya anga na kujipa majina ya mzaha. Mtu angedhani kwamba dola isiyokosa chochote haiwezi kutoa hadithi ya mkakati, lakini The Player of Games ya mwaka 1988 inaikanusha dhana hiyo kwa ustadi. Gurgeh, bingwa wa michezo ya kila aina, anapelekwa kwenye himaya ya Azad, ambako mchezo mmoja mkubwa mno ndio unaoamua nani apate cheo gani na nani awe mfalme, na polepole inabainika kwamba namna mtu anavyozisogeza kete zake hueleza siasa anayoiamini kuliko anavyoweza kuieleza kwa mdomo. Ni vigumu kukitaja kitabu kingine kinachomfaa zaidi mtu anayetumia jioni zake mbele ya ubao au kioo.

Banks alikuwa mchezaji pia. Alisema kwamba wakati alipokuwa akiiwazia Excession, iliyotoka mwaka 1996, alitumia muda mwingi kucheza Civilization, na kwamba mchezo huo ulimsaidia kufikia wazo lililo katikati ya riwaya, la tatizo lililo nje ya muktadha: jambo ambalo jamii nyingi hukutana nalo mara moja tu, nalo huwa ndilo la mwisho, kwa sababu hakuna chochote katika uzoefu wao kilichowaandaa kuliwazia. Mchezaji wa Stellaris analijua wazo hilo katika umbo la majanga yanayoingia mwishoni mwa mchezo kuitikisa dola iliyokwisha kujiona imeshinda. Excession isisomwe kwanza, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni barua zinazopitishwa kati ya mashine zinazofanyiana fitina, na asiyezijua tabia za Culture atapotea kabla ya kurasa mia.

Ushindi wa kiutamaduni, ambao mchezo huuhesabu kwa alama, una kitabu chake katika A Memory Called Empire ya mwaka 2019, iliyoshinda tuzo ya Hugo mwaka uliofuata. Mwandishi wake, Arkady Martine, ni mwanahistoria wa dola ya Bizanti, naye alichochewa na jinsi dola hiyo ilivyoumeza ufalme wa Ani wa Waarmenia katika karne ya 11. Balozi Mahit Dzmare anatoka katika kituo kidogo cha wachimba madini, anaingia katika mji mkuu wa dola ambayo ameyapenda mashairi yake tangu utotoni, na anatakiwa kuizuia dola hiyohiyo isiwameze watu wake, jambo linalomfanya msomaji aliyezoea kukaa upande wa mmezaji aione ramani kutoka upande wa anayemezwa. Anayetaka swali hilo liulizwe kwa ukali zaidi asome Ancillary Justice ya Ann Leckie ya mwaka 2013, ambayo msimulizi wake alikuwa manowari yenye maelfu ya miili ya mateka, na ambamo mtawala amejigawa katika miili mingi ili awe kila mahali, kwa gharama inayojitokeza kadiri hadithi inavyoendelea.

Kuna wachezaji ambao furaha yao iko katika kuunda jamii ya viumbe na kuikuza, na hao waanzie kwa Children of Time ya Adrian Tchaikovsky, iliyopewa tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2016, ambamo buibui walioharakishwa na kirusi cha maabara wanapanda ngazi zote za ustaarabu kwa njia zao, wakiwatumia sisimizi kama mashine za kufanyia hesabu. The Mote in God's Eye ya Larry Niven na Jerry Pournelle, ya mwaka 1974, ina safari zinazofanyika kupitia nukta maalumu kati ya nyota, kanuni ambayo mchezaji wa leo ataitambua katika njia zinazounganisha nyota kwenye ramani yake, na ina jamii ya kigeni ambayo kila jibu inalotoa linaficha swali kubwa zaidi. A Fire Upon the Deep ya Vernor Vinge, ya mwaka 1992, inaipa galaksi yenyewe ardhi ya kivita, kwa kuwa karibu na kitovu akili na mashine hudumaa na kadiri mtu anavyosogea ukingoni ndivyo yote mawili yanavyoongezeka nguvu. Vitabu hivi viwili vya mwisho vilikuwa miongoni mwa vilivyomwathiri Brian Reynolds na wenzake walipobuni Sid Meier's Alpha Centauri ya mwaka 1999, na anayeupenda mchezo huo atakuta humo mizizi yake.

Foundation ya Isaac Asimov na Dune ya Frank Herbert zimewekwa hapa karibu na mwisho kwa makusudi, kwa kuwa kila orodha huzitanguliza na wasomaji wengi huishia hapo. Ya Asimov, iliyokusanywa kwa sehemu kubwa kutoka katika hadithi za miaka ya 1940 na kutolewa kama vitabu vitatu kati ya mwaka 1951 na 1953, imejengwa juu ya sayansi ya kubuni inayotabiri mwenendo wa umati kwa hesabu, mradi umati uwe mkubwa sana na usiujue utabiri wenyewe. Mapigano yake hutokea mbali na macho ya msomaji, watu wake huzungumza zaidi ya kutenda, na ni kitabu cha mchezaji anayeshinda kwa biashara na subira. Dune ya mwaka 1965 inafundisha nguvu ya bidhaa moja isiyopatikana kwingine, na msomaji wa Kiswahili atakutana humo na maneno yenye asili ya Kiarabu anayoyafahamu, kama Mahdi na jihadi, yakiwa yametumika kwa namna inayostahili kusomwa kwa tahadhari.

Mfululizo mrefu una hatari yake, na ni vyema msomaji aamue mapema atakapoishia. Kwa Asimov aanze na kitabu cha mwaka 1951 na kuacha Prelude to Foundation ya mwaka 1988, ingawa matukio yake yametangulia, kwa kuwa iliandikwa kwa ajili ya watu waliokwisha kuzisoma za awali. Kwa Herbert asiishie kwenye kitabu cha kwanza bali asome na Dune Messiah ya mwaka 1969, ambayo ni fupi na inamlipisha shujaa gharama ya ushindi wake, kisha anaweza kuacha bila hasara. The Expanse ya James S. A. Corey, jina linalotumiwa na waandishi wawili, Daniel Abraham na Ty Franck, na iliyoanza kama wazo la mchezo, ina riwaya tisa kuanzia Leviathan Wakes ya mwaka 2011, na tatu za kwanza zinajitosheleza kwa anayevutiwa na siasa za maji na hewa kati ya Dunia, Mirihi na wachimbaji wa ukanda wa asteroidi. Wasomaji wa Goma au Bujumbura waliozoea Kifaransa watazipata Foundation, Dune na riwaya za Liu katika lugha hiyo. Tafsiri ya Kiingereza ya Tanaka ilifanywa na watafsiri zaidi ya mmoja, na mtindo hubadilika kati ya juzuu moja na jingine, kwa hiyo anayekwama katikati ya mfululizo ajaribu sura mbili tatu zaidi kabla ya kukiweka kitabu pembeni.